Jinsi Picha ya Ua Ilivyojifunza Kusema Kweli



Leo twataka kuzungumza habari za jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana dogo, yaani namna watu walivyojifunza kupiga picha za maua. Huenda mtu akauliza, "Ua ni kitu gani hata lipigwe picha? Si liko pale uani, na kesho litachanua jingine?" Swali hilo ni la haki, nasi twaomba kulijibu kwa kisa kidogo.

Siku moja tuliwaonyesha wanafunzi wetu picha ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, ya mti uitwao mkrismasi. Watu wengi wa pwani waujua mti huu. Ufikapo mwezi wa Desemba huwaka wote kwa maua mekundu, hata mtu aliye mbali hudhani ni moto juu ya mapaa ya nyumba. Walakini katika picha ile maua yalikuwa meusi, tena meusi kuliko majani. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, mti huu umeungua." Mwenziwe akasema, "La, haukuungua. Hayo ni maganda ya mbegu yaliyokauka mtini." Wakashindana mpaka kengele ikalia, wala hapana hata mmoja aliyesema ya kuwa mti ule ulikuwa umechanua. Ndipo tulipoigeuza picha. Nyuma yake mpigaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Mkrismasi, maua mekundu, Desemba."

Watu husema kwamba picha haisemi uongo. Picha ile haikukusudia kusema uongo, lakini iliusema, na maneno yale machache ya kalamu ya risasi ndiyo yaliyotuokoa. Habari ya picha za maua, tangu mwanzo wake katika miaka ya 1830 hata siku hizi zetu, ni habari ya watu waliopambana na uongo wa namna hiyo, mmoja baada ya mwingine: uongo wa umbo, uongo wa rangi, uongo wa ukubwa, na uongo wa mwendo. Kila chombo kipya kiliponya uongo mmoja na kuacha mwingine. Basi na tuifuate njia waliyopita.

Mwaka 1833 Mwingereza mmoja, jina lake William Henry Fox Talbot, alikuwa safarini katika nchi ya Italia, kando ya ziwa la Como. Alitamani kuichora nchi ile nzuri, naye alikuwa na chombo cha kioo cha kumsaidia kuchora, lakini mkono wake haukuwa na ufundi. Akajiuliza, je, haiwezekani nuru yenyewe ichore? Aliporudi kwao Lacock, huko Uingereza, akaanza kujaribu mwaka 1834. Alichukua karatasi nzuri ya kuandikia, akaichovya katika maji ya chumvi, akaikausha, kisha akaipaka dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha. Dawa hiyo ina tabia ya kugeuka nyeusi ikipigwa na jua. Talbot akalaza jani au ua juu ya karatasi, akalibana kwa kioo, akaiweka juani. Palipopigwa na jua pakawa peusi, na palipofunikwa na ua pakabaki peupe. Alipoliondoa ua, akakuta umbo lake limebaki, hata mishipa ya majani yaonekana kwa pale nuru ilipopenya kidogo.

Angalieni, ndugu zetu, ya kwamba kazi hiyo haikuhitaji kamera. Kioo cha dirisha, karatasi, dawa na jua vilitosha. Wala si ajabu kwamba mimea ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupigwa picha kwa njia hii. Talbot alikuwa mjuzi wa mimea, na tena ua lililobanwa chini ya kioo hutulia. Mtu hawezi kutulia nusu saa juani, lakini jani laweza.

Shida moja ilibaki. Sehemu nyeupe ya karatasi bado ilikuwa na dawa, nayo ikitolewa nuruni tena hugeuka nyeusi kama sehemu nyingine, hata picha yote ikapotea. Kwanza Talbot aliizuia dawa kwa maji ya chumvi nyingi. Mwaka 1839 rafiki yake, Sir John Herschel, aliyekuwa mjuzi wa nyota na wa dawa, akamwonyesha chumvi ya namna nyingine ambayo huiyeyusha na kuiondoa kabisa dawa iliyobaki. Tangu hapo picha ziliweza kutazamwa mchana pasipo hofu.

Herschel huyo huyo aligundua mwaka 1842 njia nyingine isiyotumia fedha, bali dawa za chuma. Karatasi iliyopakwa dawa hizo na kuwekwa juani huoshwa kwa maji matupu, ikawa ya buluu iliyoiva, na umbo la kitu hubaki jeupe katikati ya buluu hiyo. Njia hii ni rahisi, na gharama yake ni ndogo. Aliyeitumia kuliko wote alikuwa mwanamke, naye ni Bibi Anna Atkins.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1799 katika jimbo la Kent. Mama yake alifariki alipokuwa mtoto mchanga, akalelewa na baba yake, ambaye alikuwa mtu wa elimu, mfanya kazi katika nyumba kubwa ya makumbusho ya London. Anna alipenda kukusanya mwani wa baharini. Mwani, kama wajuavyo wenyeji wa pwani, una nyuzi nyembamba kama nywele, na kuuchora kwa mkono sawasawa ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo akauacha ujichore. Aliulaza juu ya karatasi yenye dawa, akaufunika kwa kioo, akauweka juani, kisha akaiosha karatasi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1843 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mwani wa Uingereza, nacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza duniani kilichotiwa picha zilizopigwa kwa nuru. Hakikupigwa chapa mtamboni. Kila ukurasa wa kila nakala ulitengenezwa kwa mkono, juani, mmoja mmoja, na hata maneno yaliandikwa na kutolewa kwa njia hiyo hiyo. Kazi yote ilimchukua miaka kumi, hata mwaka 1853. Baadaye yeye na rafiki yake Anne Dixon wakafanya kazi kama hiyo kwa mimea ya nchi kavu, pamoja na mimea yenye maua.

Hivyo picha ilikuwa imejifunza kusema kweli katika umbo. Lakini ilisema kweli nusu. Ua lililobanwa chini ya kioo si ua lililo juu ya kikonyo chake. Limelala bapa kama samaki aliyepasuliwa akaanikwa. Ubonde wake na kivuli chake havionekani, wala haijulikani lipi ni jani la mbele na lipi la nyuma. Ili kuyapata hayo, hapana budi ua lisimame mbele ya kamera.

Kamera zilikuwapo tangu mwaka 1839, lakini namna ya kupata picha safi kwenye kioo ilipatikana mwaka 1851, ilipotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer. Mpiga picha wa zamani zile alikuwa na taabu nyingi. Aliingia katika chumba cha giza, akamimina dawa nzito yenye kunata juu ya bamba la kioo, akaliinamisha huku na huku mpaka dawa ienee sawasawa, akalitia katika maji yenye dawa ya fedha, akalipeleka mbio kwenye kamera lingali bichi. Baada ya kupiga picha alirudi mbio gizani kuliosha kwa dawa nyingine. Kazi yote ilipaswa kwisha katika muda wa dakika kama kumi hivi, maana bamba likikauka, limeharibika. Na wakati huo wote ua halimngojei mtu. Likiwa limekatwa, lainamisha shingo. Likiwa shambani, latikiswa na upepo.

Mtu aliyeishinda taabu hiyo alikuwa Mfaransa, Adolphe Braun, aliyezaliwa mwaka 1812. Kazi yake ilikuwa kuchora mapambo ya nguo karibu na mji wa Mulhouse, uliokuwa na viwanda vikubwa vya kupiga chapa vitambaa. Mwenye kuchora nguo huhitaji maua daima; lakini wakati wa baridi huko Ulaya maua ya shambani hakuna. Braun akaona kwamba akiwa na picha, atakuwa na bustani isiyonyauka. Kufikia mwaka 1854 alikuwa amepiga picha za maua kama 300, akazikusanya katika kitabu, na mwaka 1855 zikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris. Aliyapanga maua ndani ya chumba, mbali na upepo, mbele ya ukuta usio na pambo. Watu waliozitazama waliona kwa mara ya kwanza uzito wa ua: hili limeinama, hili limefumbika, hili limepukutisha jani moja.

Sasa tumefika kwenye uongo ule uliowashinda wanafunzi wetu, yaani uongo wa rangi. Mabamba ya zamani yalikuwa kama mtu mwenye ugonjwa wa macho. Yaliona sana buluu na zambarau, lakini kijani na manjano yaliona kidogo mno, na nyekundu hayakuiona kabisa. Kwa hiyo ua la buluu lilitoka karibu na nyeupe, na ua jekundu likatoka jeusi. Ua la manjano, ambalo machoni petu hung'aa kuliko yote, lilitoka limefifia kama lililomwagiwa majivu. Fikirini ugumu wake Braun, aliyepanga maua ya rangi zote pamoja! Alipaswa kujua mapema ni rangi ipi itakayogeuka nini, kama mpishi ajuavyo chumvi ilivyo chunguni pasipo kuiona.

Mwaka 1873 mwalimu mmoja wa Berlin, Hermann Wilhelm Vogel, alikuwa akipima mabamba yaliyonunuliwa, akaona jambo asilolitazamia. Baadhi yake yaliona kijani kuliko ilivyopasa. Badala ya kuyatupa, akachunguza sababu, akakuta ya kwamba mwenye kuyatengeneza alikuwa ametia rangi ndani ya dawa kwa kusudi jingine kabisa. Rangi ile ndiyo iliyolifumbua jicho la bamba. Vogel akajaribu rangi nyingine na nyingine, na kila moja ikafumbua macho kwa sehemu yake ya nuru. Hivyo yakapatikana mabamba yaliyoona kijani na manjano, na mwaka 1906 kiwanda kimoja cha Uingereza kikaanza kuuza mabamba yaliyoona rangi zote, hata nyekundu. Lakini mabamba na filimu za namna ya zamani ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo, maana hizo mtu aliweza kuziosha chumbani penye taa nyekundu akiona anachokifanya. Bila shaka picha yetu ya mkrismasi ilipigwa kwa filimu ya namna hiyo. Mpigaji aliujua udhaifu wa chombo chake, ndiyo sababu akachukua kalamu ya risasi.

Uongo wa tatu ulikuwa wa ukubwa. Kamera ya kawaida haipendi kusogea karibu. Ukiisogeza, picha yavurugika kama maandishi yaliyoletwa puani. Dawa yake ni kukivuta kioo cha mbele kiende mbali na bamba, na kwa kazi hiyo kamera za zamani zilikuwa na mfuko wa mikunjo, ukivutwa na kufungwa kama kinanda cha mkono. Lakini kila upatapo, walipa. Tukitaka ua litokee kwenye bamba kwa ukubwa wake halisi, hapana budi kioo kiwe mbali na bamba mara mbili kuliko kilivyo tupigapo picha ya mlima. Nuru ile ile sasa yatandazwa mahali palipo pakubwa mara nne, kwa hiyo twapaswa kuingoja muda wa mara nne. Tena tukikaribia sana, sehemu inayoonekana safi huwa nyembamba: moyo wa ua u safi, majani yake ya mbele yamevurugika. Twaweza kulisaidia jambo hili kwa kulibana tundu linaloingiza nuru, lakini tundu likibanwa, muda wa kungoja wazidi tena.

Aliyekubali kulipa gharama hiyo kwa maisha yake yote alikuwa Mjerumani, Karl Blossfeldt. Twampenda kwa kuwa alikuwa mwalimu kama sisi. Alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Schielo, milimani Harz, na ujanani alijifunza kazi ya kusubu chuma. Baadaye akafundisha Berlin kwa muda wa miaka kama thelathini, akiwaonyesha vijana wa kazi za mikono namna mimea ilivyoumbwa, ili wajifunze kutoka kwayo mapambo ya chuma, ya mbao na ya mawe. Ua bichi haliwezi kuonekana na darasa zima, tena hunyauka kabla ya saa kwisha. Kwa hiyo akajitengenezea kamera yenye mfuko mrefu, akapiga picha zilizokuza vitu vidogo hata mara thelathini.

Hakwenda kununua maua dukani. Aliokota magugu kando ya barabara na kando ya reli, mimea ambayo watu waliikanyaga. Aliyakata, akayaondolea majani yasiyohitajiwa, akayasimamisha mbele ya karatasi nene ya kijivu au nyeupe, akatumia nuru tulivu ya mchana isiyo na jua kali, akaingoja dakika kadhaa kwa kila picha. Akafanya vivyo hivyo miaka na miaka, maelfu ya picha, pasipo kutafuta sifa. Mwaka 1928, alipokuwa amekwisha pita miaka sitini, picha zake 120 zikatolewa katika kitabu, na watu wakashangaa. Chipukizi la jani lilikuwa kama fimbo ya mfalme, na kikonyo kilichokunjika kilikuwa kama nguzo ya jumba kubwa. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1932, akafariki. Subira huvuta heri.

Walakini picha za Blossfeldt hazikuwa na rangi. Rangi yenyewe ililetwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, wa mji wa Lyon. Na walitumia nini? Walitumia viazi! Unga wa wanga wa viazi una chembe ndogo mno. Walizichagua, wakazitia rangi za namna tatu, nyekundu iliyoelekea chungwa, kijani, na buluu ya zambarau, wakazichanganya, wakazinyunyiza juu ya kioo ziwe tabaka moja, kisha juu yake wakapaka dawa ya picha. Kila chembe ilikuwa kama dirisha dogo lenye kioo cha rangi. Nuru ya ua jekundu ilipita katika madirisha mekundu, ya jani katika madirisha ya kijani. Mtu alipolishika bamba hilo mbele ya nuru, jicho lake liliyachanganya madirisha mamilioni, akaliona ua kama lilivyo. Waliandikisha ugunduzi huo mwaka 1903, na mabamba yakaanza kuuzwa mwaka 1907. Maua na bustani vilipendwa mno na wenye mabamba hayo. Lakini kwa kuwa nuru ililazimika kupita katika madirisha yale, muda wa kungoja ulikuwa mrefu mara nyingi zaidi, hata upepo mdogo uliweza kuiharibu kazi ya asubuhi nzima.

Tena ulibaki uongo wa nne, ambao ni wa ndani zaidi. Picha yalionyesha ua limesimama, na ua halisimami. Huchomoza, hufumbua, hugeuka, hukunjika. Sisi hatuoni, kwa sababu mwendo wake ni wa polepole. Mwingereza Percy Smith, aliyekuwa karani mjini London, alitatua jambo hilo kwa sinema yake ya mwaka 1910 iliyoonyesha maua yakichanua. Njia yake ni hii: kamera ya sinema husimamishwa mahali pamoja isitikisike, hupiga picha moja, hungoja, hupiga nyingine, hungoja tena. Wanafunzi, na tufanye hesabu. Kamera ikipiga picha moja kila baada ya robo saa, kwa siku nzima itapiga picha 96. Tukizionyesha kwa mwendo wa sinema za siku zile, picha 16 kwa sekunde moja, siku nzima itapita kwa sekunde 6. Ua lililochukua siku mbili kufumbuka litafumbuka mbele ya macho yetu kwa sekunde 12. Watu walioona mambo hayo walitambua ya kuwa ua nalo lina pumzi na juhudi.

Baada ya hapo vyombo vilikuja upesi, nasi tutavitaja kwa ufupi. Filimu ya rangi iitwayo Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935 kwa sinema, na mwaka 1936 kwa kamera ndogo. Mwaka huo huo wa 1936 ilitokea kamera ndogo ya Kijerumani iitwayo Kine Exakta, ambayo kwa msaada wa kioo cha ndani humwonyesha mpigaji kile kile kitakachoingia kwenye filimu. Kwa maua faida yake ni kubwa, kwa kuwa kamera yenye tundu la pembeni la kutazamia, ikisogezwa karibu, hukata kichwa cha ua na mpigaji asijue. Na siku hizi watu wengi wana kamera ndani ya simu zao, isiyohitaji filimu wala chumba cha giza.

Je, uongo umekwisha? Haukwisha. Jaribuni wenyewe kupiga ua jekundu sana katika jua la saa sita kwa kamera ya siku hizi. Mara nyingi litatoka kama kipande cha nguo nyekundu, mishipa yake yote imezama katika wekundu. Chombo kimebadilika, lakini kazi ya mtu haikubadilika.

Kwa hiyo twawapa mashauri machache, ambayo yangemfaa Braun nayo yanamfaa kijana wa leo. Nendeni kwenye ua asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, wakati umande ungalipo. Chagueni nuru tulivu, ya kivulini au ya mawingu. Na jua likiwa kali, mwenzenu ashike kitambaa cheupe chepesi kati ya jua na ua. Isimamisheni kamera juu ya miguu mitatu, au juu ya jiwe au mfuko wa mchanga, maana mkono wa mtu hutetemeka zaidi ajuavyo. Kama upepo wavuma, wekeni ubao au shuka upande utokako. Nyuma ya ua wekeni karatasi au nguo isiyo na pambo, nyeusi kwa ua jeupe na nyeupe kwa ua jeusi. Inameni hata jicho la kamera liwe sawa na ua, wala msilitazame kwa juu kama tajiri atazamavyo mtumishi wake. Na mwisho, lililo kubwa kuliko yote: andikeni. Andikeni jina la ua kwa lugha ya kwenu, rangi yake, mahali, tarehe, na kipimo chake.

Mbona twalitia mkazo neno hili la mwisho? Twatoa mfano wa nchini kwetu. Katika misitu ya Usambara, juu ya miamba yenye unyevu na kivuli, huota ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani ya manyoya mafupi. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mjuzi wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitabuni na kulipa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo linakaa madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, lakini kwao Usambara misitu imekatwa sana, na mahali pengine kivuli chake kimetoweka. Mtu akipenda kujua ua hilo liliota wapi zamani, juu ya mwamba gani, chini ya mti gani, hana budi kutafuta ushahidi wa wale walioliona. Nao wangelipiga picha kwa mabamba ya kawaida ya mwaka 1892, ua lile la zambarau lingetoka karibu na nyeupe, na majani yake yangetoka meusi. Wajukuu wangeapa kwamba Usambara paliota ua jeupe! Ila kama pangekuwa na mtu wa kuandika nyuma ya picha, kwa kalamu ya risasi: "Zambarau."

Basi wanafunzi, kila kijiji kina ua lake ambalo wazee hulijua na vijana hawalijui, na kila mwaka shamba husogea mbele na pori hurudi nyuma. Mwenye kamera na alipige picha. Asiye na kamera na alilaze ua juu ya karatasi, alibane kwa kitabu kizito mpaka likauke, kama walivyofanya watu wengi kabla ya Talbot. Ama kuandika jina na tarehe, hilo halihitaji chombo chochote isipokuwa kalamu, nalo hapana anayeshindwa.

Nasi twakomea hapa.